Mwaka mzima nilichagua sungura wakubwa, kumbe nilikuwa nachagua walaji

Wiki iliyopita mama mmoja jirani hapa Uthiru alikuja kwangu anataka dume wa mbegu, akapita keji zote bila kuuliza kitu, akasimama kwa ile iko na sungura mkubwa kuliko wote akasema nipe huyu. Nikajiona mimi mwenyewe 2021. Nikamwambia dada hebu kaa tunywe chai kwanza, nikatoa daftari zangu tatu, tukaongea mpaka giza likaingia. Haya ninayoandika ni yale nilimwambia pamoja na mengine nilisahau, kwa sababu kuna watu wengi hapa Nairobi wanafuga kwa uwanja mdogo na peleti, kile chakula cha vidonge cha dukani, ndiyo inawamaliza, na hakuna mtu anawaambia kwamba sehemu kubwa ya shida iko ndani ya damu ya wanyama wenyewe.

Nilianza Juni 2020. Hoteli niliyokuwa nafanya kazi ilifungwa wakati wa korona, nikabaki na pesa kidogo ya mwisho na watoto wawili nyumbani. Fundi wa Kangemi akanitengenezea keji kwa elfu 28, nikanunua majike watano na dume mmoja, mchanganyiko wa New Zealand White na California, 1,500 kila mmoja. Mwaka wa kwanza ulienda vizuri, sitadanganya. Sungura anabeba mimba siku 31 tu, anazaa saba au nane, kwa hivyo kabla ujue umejaa. Mkojo pia nilikuwa nauzia wakulima wa sukuma huko Kikuyu, hiyo ilikuwa inalipa angalau stima.

Halafu 2021 bei ya chakula ikaanza kupanda. Gunia la peleti kilo 50 nililokuwa nachukua kwa 1,900 likafika 2,600, na bei ya nyama kwa wateja wangu ikabaki pale pale 600 kwa kilo. Nikafikiria, na hapa ndipo kosa langu la kwanza lilianzia, kwamba dawa ni kupata sungura wakubwa zaidi. Nikatafuta dume mwenye damu ya Flemish Giant, ile aina ya sungura wakubwa sana, kilo tano na nusu, nikalipa 4,500, nikamleta nyumbani nikiwa nimefurahi sana yaani hata nilipiga picha nikatuma kwa dada yangu Nakuru. Kila kizazi nikawa naweka wale wakubwa kwa uzazi, wadogo wanaenda kwa kisu. Mantiki ilikuwa inaonekana sawa kabisa, mkubwa anazaa mkubwa.

Na kweli wakawa wakubwa. Wiki 12 walikuwa wanafika kilo 2.4 badala ya 2. Wateja wakasifu. Lakini mwisho wa mwezi pesa haionekani, nahesabu narudia, haionekani. Nilikuwa nauza sungura kama 30 kwa mwezi, inaingia kama elfu 20 na kidogo, na peleti imetoka gunia tano ikafika saba, hiyo ni elfu 18 na mia mbili. Kuna usiku nilikaa jikoni na kalkuleta nikalia, kwa sababu nilikuwa nafanya kazi kutoka saa kumi na moja asubuhi, na hesabu inaniambia nafanyia duka la chakula kibarua. Juu ya hiyo majike wazito wakaanza kuwa na vidonda chini ya miguu ya nyuma, ule uzito wote ukikaa kwa waya siku nzima lazima ngozi ishindwe. Wawili nilipoteza hivyo.

Aliyenifungua macho ni kijana wa jirani yangu, alikuwa anasomea mifugo hapo Upper Kabete kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Alikuja kununua nyama, nikamwonyesha sungura wangu wa kujivunia, akamwangalia akaniuliza swali moja tu. Anti, huyu amekula kilo ngapi kufika hapo?

Sikuwa na jibu. Karibu miaka miwili nafuga na sikuwa na jibu la hata sungura mmoja. Nilijua magunia mangapi yameingia, nilijua kilo ngapi zimetoka, lakini nani amekula nini sikujua. Akanieleza kwamba wanaofanya kazi hii wanahesabu FCR, yaani kilo za chakula zilizoingia gawanya kwa kilo za uzito zilizoongezeka, na ikiwa chini ndiyo bora. Ukichagua kwa macho au kwa mizani peke yake, akasema, unaweza kuwa unachagua mwenye tumbo kubwa tu, kwa sababu kawaida anayekula sana ndiye anakua haraka na huwezi kujua kama anakitumia vizuri ama anakipitisha tu.

Basi tukaanza kupima Februari 2022. Niligawanya keji kwa waya ndio kila mtoto awe peke yake, hiyo ilinila 9,500, na mizani ya dijito ya jikoni 1,800. Nikachukua 24, kila mmoja na namba, kutoka siku ya 35 nikiwatoa kwa mama mpaka siku ya 77, wiki sita. Kila asubuhi napima naweka, kila Jumapili napima kilichobaki na napima sungura mwenyewe. Ni kazi, wacha nisikudanganye, karibu saa moja kila siku, na kama watoto wako wanakusaidia angalia namba zao, wangu aliwahi kuandika uzito wa sungura kwa mstari wa chakula na nikashtuka sana.

Jibu la kwanza lilikuwa 4.6. Kijana akasema hiyo ni mbaya sana, hebu tuangalie chini ya keji kabla hatujalaumu damu. Tukaweka trei na wavu, wiki moja tukakusanya karibu kilo moja na nusu ya peleti zilizokwanguliwa nje, kutoka kwa sungura 12 peke yake! Vyombo vyangu vya chakula vilikuwa vya bati wazi juu, wanaingiza miguu wanachimba kama kuku. Nikabadilisha, nikaweka vyenye mdomo uliokunjwa ndani na matundu chini ya kumwaga vumbi, FCR ikashuka mpaka 4.0 bila kuchagua mnyama hata mmoja. Kwa hivyo kama hujaziba chakula kinachomwagika usianze kuchagua mbegu, maana utamfukuza sungura mzuri aliyekuwa na chombo kibaya.

Sasa wacha niwaonyeshe wawili wa batch ya kwanza baada ya vyombo vipya kwa sababu ndio walinibadilisha akili. Namba 14 alianza na gramu 850 akafika 2,300, akala kilo 6.1. Namba 22 alianza 820 akafika 2,150, akala kilo 4.65. Mimi wa zamani ningechukua 14 bila kufikiria mara mbili, alikuwa anapendeza. Lakini FCR yake ni 4.2 na ya 22 ni 3.5. Kwa bei ya peleti wakati huo 14 alikula shilingi 75 zaidi, na ule uzito aliomzidi 22 mwishoni ukichinja ni kama gramu 75 za nyama, tuseme shilingi 45. Thelathini ndiyo tofauti. Haionekani kama pesa mpaka uzidishe kwa sungura 30 kila mwezi, na wote wawili walikuwa wanakula kutoka gunia moja kwa banda moja, mchana na usiku, na singejua milele bila kupima.

Nilifurahi nikaenda mbio, na hapo nikaingia kwa makosa mengine ambayo nataka muyajue.

La kwanza ni kuamini hiyo FCR kama ilivyo. Kulikuwa na namba 31, alianza na gramu 540 tu kwa sababu alikuwa ameharisha wiki ya nne, akapona akakua kama moto, FCR 3.2, bora kuliko wote. Nikamweka kwa uzazi. Kumbe alikuwa tu analipiza siku alizopoteza, na mwili mdogo hauhitaji chakula kingi cha kujikimu kwa hivyo hesabu inampendelea. Watoto wake walikuwa wa kawaida kabisa na yeye mwenyewe alibaki mdogo. Kijana akanieleza kwamba shida hii ilijulikana zamani, mwaka wa 1963 Koch na wenzake kule Marekani wakifanya kazi na ng'ombe wa nyama walipendekeza njia tofauti: kadiria mnyama wa uzito huu anayekua kwa kasi hii angestahili kula kiasi gani, halafu linganisha na alichokula kweli. Aliyekula chini ya makadirio ndiye mwenye akiba mwilini. Watu wa chuo wanafanya hiyo kwa kompyuta, mimi nafanya kwa penseli, nawapanga makundi ya uzito unaokaribiana na wanaokua sawa halafu naangalia nani kwa kundi lake amekula kidogo. Inatosha. Na aliyewahi kuugua wakati wa kupimwa nilimtoa kwa hesabu, hata kama nampenda vipi.

La pili, nilikuwa nalinganisha watoto wa mama mwenye wanne na watoto wa mama mwenye tisa. Wale wanne wamenyonya wameshiba, wanaanza wakiwa wazito, na hiyo si damu ni maziwa. Siku hizi napandisha majike wanne au watano wiki moja ndio wazae pamoja, halafu siku ya kwanza au ya pili nahamisha watoto kila mama abaki na saba au wanane. Mama anawakubali bila shida nikiwachanganya na manyoya ya kiota chake. Hapo ndio unaweza kusema hawa walianza mstari mmoja, na walikula gunia moja, na baridi ya Julai iliwapata wote.

La tatu ndilo linaniuma mpaka leo. Namba 22 alikuwa dume, na nilimpenda vile alivyokuwa, nikampandisha kwa majike wote pamoja na dada zake wa baba mmoja, halafu mtoto wake wa kiume nikampa tena dada zake. Nilifikiri nakaza damu nzuri. Kizazi cha pili majike wakaanza kuzaa wanne, watatu, wengine wafu, na watoto watano wakawa na meno yamepishana, yanarefuka mpaka mnyama anashindwa kula mbele ya chakula. Yaani nilikuwa natafuta sungura anayetumia chakula vizuri nikapata sungura asiyeweza kukitafuna. Niliwachinja na karibu miezi tisa ya kazi ikaenda. Kama huna madume watatu wasio wa ukoo mmoja usianze hii kazi, na uandike baba na mama wa kila mmoja, si kwa kichwa, kwa karatasi.

Nilipoenda kutafuta damu mpya, tulibadilishana dume na mfugaji mmoja wa upande wa Limuru, nikamweka moja kwa moja bandani kwa sababu nilikuwa na haraka. Wiki tatu baadaye masikio ya nusu ya banda yamejaa magamba ya ukurutu. Daktari wa mifugo akadunga wote mara mbili, elfu 6 na mia tano. Mgeni akae peke yake mbali na wengine mwezi mzima, na umhudumie mwisho ukishamaliza wenyeji.

Kuhusu subira, hapa wengi ndio wanakata tamaa kwa hivyo wacha nieleze hesabu niliyoelezwa. Ile batch ya kwanza ya vyombo vipya wastani ulikuwa 4.0, na wale niliowachagua kuwa wazazi wastani wao 3.6. Nilitarajia watoto wawe 3.6. Wakatoka 3.9. Nilikasirika nikasema hii kitu haifanyi kazi. Kijana akacheka kwa upole akaniambia anti, ule uzuri wa wazazi wote si wa kurithi, kiasi kingine ni bahati, keji yenye hewa, maziwa ya mama, kwa sungura chukua kama robo ndiyo inapita kwa watoto. Robo ya 0.4 ni 0.1. Kwa hivyo nilipata nilichostahili kupata. Na robo hiyo haipotei, inakaa kwa damu, kizazi kinachofuata unaanzia hapo. Baada ya vizazi vitatu, nikitoa ile miezi iliyopotea, niko 3.7.

Ili nisikate tamaa alinionyesha habari za kuku. Watafiti wa North Carolina State, chuo kikuu cha Marekani, walilea pamoja kuku wa nyama wa damu ya 1957 na wale wa kibiashara wa 2001. Wa 2001 akila chakula cha 2001 anafika gramu 1,815 kwa siku 32 na FCR 1.47, wa 1957 akila chakula cha enzi zake angehitaji siku 101 na FCR 4.42. Sehemu kubwa sana ya mabadiliko hayo walisema ni damu, chakula ni sehemu ndogo. Hiyo ilinifundisha kitu kingine tena, kwamba ukubwa na kasi si adui. Kila siku mnyama anaishi anakula cha kupumua na kupata joto kabla hajaongeza hata gramu, kwa hivyo mzembe wa kukua pia anakula pesa. Mimi kosa langu lilikuwa kuangalia kasi peke yake bila kuangalia bakuli.

Kama huna saa moja kila siku kuna njia ya mkato na ningeijua mapema ningeokoa usingizi. Watafiti wa INRA, taasisi ya utafiti wa kilimo kule Ufaransa, walichagua sungura kwa njia mbili kwa vizazi kadhaa: ukoo mmoja waliacha wale washibe wakachagua waliokula chini ya makadirio, ukoo mwingine waliwapa chakula kidogo cha kupimwa wakachagua waliokua zaidi. Koo zote mbili ziliboreka. Hiyo ya pili mtu wa ploti anaweza. Wape wote kiasi sawa kila siku, kama asilimia 80 ya kile wangekula wakiachiwa, na ambaye ataongeza uzito zaidi kwa chakula kile kile ndiye wako. Hupimi mabaki maana hakuna mabaki, unapima sungura tu Jumapili. Sasa mimi nafanya hivyo kwa wengi, na wale wa kiume wachache ninaotaka kuweka ndio napima kamili. Usifanye hivyo kwa jike anayenyonyesha tafadhali, huyo mpe ashibe.

Na nikitaja jike, hili ndilo nililochelewa kuona kuliko yote. Nilikuwa nimeweka macho kwa watoto peke yao. Siku moja nikahesabu yule jike wangu mzito, gramu 220 kwa siku, hiyo ni kilo 80 kwa mwaka. Mwaka huo alinifikishia watoto 20 wa kuuza, kwa hivyo kila mtoto amebeba kilo 4 za chakula cha mama kabla hajala chake. Jike mwingine wa kawaida mwenye watoto 32 kwa chakula kile kile, kila mtoto amebeba kilo 2 na nusu. Tofauti ni kilo moja na nusu kwa kila sungura, yaani ile tofauti yote ya namba 14 na 22 niliyoitafuta kwa mizani wiki sita! Nilikaa chini. Tangu siku hiyo hakuna mtoto anabaki kwa uzazi kama mama yake hajafikisha watoto saba hai kwa mizao mitatu mfululizo, hata awe na FCR ya dhahabu. Na nikauza majike wote waliopita kilo nne na nusu, pamoja na yule dume wa 4,500, ambaye alienda kwa 1,800 na niliona uchungu kumfungia kwenye gari.

Sasa niko na majike kumi badala ya kumi na wawili, nauza wale wale 30 kwa mwezi, kwa gunia nne na nusu. Mtu asikwambie yote ni damu, vyombo vya chakula vimechangia, majike wadogo wamechangia, na damu imechangia pole pole. Jumla ya vifaa, dawa na wanyama niliopoteza ni kama elfu 40 kwa miaka mitatu.

Yule mama jirani alimaliza chai akaniuliza basi nimpe nani. Nilimpa mjukuu wa 22 kwa upande wa mama, baba yake ametoka kwa ile damu ya Limuru, kilo 3.9, hana urembo wowote, sikio moja limelala kidogo. Nikamwandikia kwa karatasi wazazi wake, alichokula wiki sita na watoto ambao mama yake alifikisha. Alilipa 2,000 kwa M-Pesa, akamfunga kwa katoni, na kabla hajatoka kwa geti akaniuliza ile mizani ya jikoni nilinunua wapi.